Kabla ya Kukata Mabawa ya Kasuku

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu kwa umma kuhusu utunzaji wa wanyama wa nyumbani. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Kikao cha namna hii kikiitishwa, mazungumzo huwa ya ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Hilo si ajabu, kwa maana hao ndio wanaojaza boma na kulipa karo. Leo zamu ni ya mgeni wa sebuleni. Kasuku anajulikana kwa jina na kila mtoto wa shule, kwa kuwa limechapishwa kwenye madaftari na kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Mwanafunzi anayekariri bila kuelewa huambiwa anasoma kama kasuku. Lakini ndege mwenyewe, mahitaji yake na sheria inayomhusu, hayo yanajulikana na wachache.

Swali la leo ni fupi. Kasuku wa nyumbani anapoanza kuruka ovyo, akagonga dirisha au akatoroka, je, mwenye nyumba amkate mabawa?

Ili swali lisiwe la hewani, na uchukuliwe mfano wa nyumba moja. Bibi mmoja mjane anaishi na mwanawe, mkaza mwana na wajukuu watatu. Sebuleni kuna kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeachwa na marehemu mumewe. Mzee huyo alimnunua kwa dereva wa lori zaidi ya miaka ishirini iliyopita, bila karatasi yoyote. Kasuku huyo huita wajukuu kwa majina. Jioni giza likiingia, hupiga hodi kwa sauti ya marehemu, vilevile mzee alivyokuwa akipiga akirudi kutoka kazini. Wageni hucheka. Bibi huitikia, "Karibu."

Jumapili moja mjukuu aliacha mlango wazi. Kasuku akatoka, akatua juu ya mwembe wa jirani. Alasiri nzima ikaishia chini ya mti ule, huku paka wawili wakizunguka na mwewe akipita juu. Alipatikana magharibi, amechoka, kwa kubembelezwa na kipande cha papai. Asubuhi yake bibi akachukua mkasi wa cherehani. Mwanawe akamshika mkono, akasema, "Mama, hapana." Bibi akajibu kwamba afadhali ndege asiye na mabawa kuliko kizimba kitupu.

Wote wawili wanampenda ndege yule, na kila mmoja ana hoja. Ndiyo maana jambo hili linahitaji kupimwa polepole.

Bawa ni nini na linakatwa nini

Watu wengi wakisikia "kukata mabawa" hufikiri ni kukata nyama au mfupa. Sivyo. Kinachopunguzwa ni manyoya marefu ya kurukia yaliyo kwenye ncha ya bawa. Kasuku ana manyoya kumi ya aina hiyo kila upande. Ndiyo yanayomsukuma mbele angani. Yale yanayofuata, karibu na mwili, ndiyo yanayombeba asianguke.

Unyoya uliokomaa ni kama ukucha. Hauna uhai ndani yake, na ukikatwa mahali panapofaa ndege hasikii maumivu. Unyoya mchanga ni jambo jingine. Unapoota, bomba lake huwa limejaa damu, na kwa nje huonekana jeusi au la rangi ya buluu iliyokolea. Ukikatwa huo, damu hutoka kama maji kwenye mpira uliotoboka. Kasuku wa kijivu ana uzito wa kati ya gramu 400 na 500, sawa na pakiti ya nusu kilo ya sukari au pungufu. Damu yote mwilini mwake haizidi sana vijiko vinane vya chai. Kijiko kimoja au viwili vikimwagika sakafuni, hilo si jeraha dogo tena.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba manyoya hukua upya. Ndege hupukutisha ya zamani na kuotesha mapya kidogo kidogo, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa, hata mwaka na zaidi. Kwa hiyo anayekata leo hajamaliza kazi. Mapya yataota, na siku moja ndege ambaye kila mtu nyumbani anaamini hawezi kuruka atapita mlangoni.

Kuna kitendo kingine cha kukata kiungo cha mwisho cha bawa, mfupa na nyama, ili ndege asiruke maisha yake yote. Huo ni ulemavu, na hauna nafasi katika nyumba ya mtu yeyote.

Hoja za anayetaka kukata

Bibi wa mfano wetu hana roho mbaya. Hofu yake ina msingi. Kasuku aliyelelewa ndani akitoroka hajui chakula kipo wapi wala adui ni nani. Anaweza kufa njaa katikati ya miti yenye matunda.

Hata ndani ya nyumba hatari ni nyingi. Kuna sufuria ya mafuta inayochemka jikoni na feni inayozunguka darini. Kuna kioo cha dirisha ambacho ndege hakioni mpaka amekigonga, na ndoo ya maji isiyofunikwa. Yuko mbwa wa nyumbani ambaye ni mpole mpaka siku ambayo kitu kitapita kikipapatika mbele ya pua yake.

Wapo pia wanaokata ili ndege mkali atulie. Kasuku asiyeweza kukimbia hulazimika kukubali mkono wa mtu, na wengine huona kwamba mafunzo ya siku za mwanzo huwa mepesi. Katika nyumba yenye mtu mgonjwa au mtoto mchanga, ndege anayeruka kichwani mwa watu bila taarifa ni usumbufu wa kweli.

Hoja hizo zisibezwe. Kuna wakati daktari wa mifugo mwenyewe atashauri mabawa yapunguzwe kwa muda.

Hoja za anayekataa

Kasuku ameumbwa kuruka. Porini kasuku wa kijivu husafiri kilomita nyingi kwa siku kati ya mti anaolala na miti anayolia. Kidari chake chote ni msuli wa mabawa. Akiruka, moyo na mapafu hufanya kazi. Akikaa tu, hunenepa. Kasuku aliyenenepa kwa kulishwa mbegu za alizeti peke yake huugua ini na mishipa ya moyo, kama mtu anayekula chipsi kila siku bila kutembea.

Kuruka pia ndiyo njia yake ya kujiokoa. Ndege aliyekatwa akimwona paka hubaki na mdomo tu. Watoto wakimsumbua, hawezi kuondoka, kwa hiyo atauma. Wengi waliokatwa mabawa ili watulie wamegeuka waoga au wakali, kwa sababu wameondolewa uwezo wa kusema "sitaki" kwa kwenda zao.

Kisha kuna anguko lenyewe. Kasuku wa kijivu ni mzito kwa umbo lake. Akikatwa manyoya mengi kupita kiasi, hashuki polepole bali huanguka kama jiwe. Akiangukia sakafu ya saruji, ngozi ya kidari hupasuka, mkia huvunjika, hata mfupa wa kidari huweza kupata ufa. Jeraha la hapo hupona kwa taabu, kwa sababu kila akianguka tena linafunguka.

Na kuna jeraha lisiloonekana. Kasuku wa kijivu ni ndege mwenye akili nyingi na wasiwasi mwingi. Mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex tangu mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex aliweza kutaja rangi na maumbo, na kuhesabu vitu vichache alivyowekewa mbele yake. Kiumbe mwenye akili kiasi hicho, akifungiwa bila kazi, hujitafutia kazi. Mara nyingi kazi hiyo huwa kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kibaki uchi. Ncha za manyoya yaliyokatwa vibaya humchoma ubavuni, naye huanza kuzitafuna. Akishaanza tabia hiyo, kumwachisha ni vigumu sana.

Mwisho, mkasi hauleti usalama unaotegemewa. Ndege aliyepunguzwa manyoya bado anaweza kubebwa na upepo akiwa nje, hasa uwanjani au kwenye roshani ya ghorofa. Wengi hupotea kwa njia hiyo, kwa sababu mwenye ndege alimtoa nje akijua kwamba haruki.

Kasuku si kuku

Wapo watakaosema kwamba wamekata mabawa ya kuku miaka yote na hakuna baya lililotokea. Ni kweli. Kuku wa kienyeji anayevuka ua na kula sukuma wiki ya jirani hukatwa manyoya ya bawa moja tu. Akijaribu kuruka huelemea upande mmoja, na ua unamshinda. Njia hiyo imeokoa ujirani mwingi.

Lakini kuku ni ndege wa ardhini. Hutembea, huparua na hulala juu kidogo tu. Kasuku ni ndege wa matawi. Huanza safari kutoka juu, na akikatwa bawa moja huzunguka hewani na kuanguka bila kujua atatua wapi. Kinachofaa kwa kuku wa bomani kinaweza kumvunja kasuku mgongo.

Ndege wasiopaswa kukatwa kabisa

Bila kujali hoja za pande zote mbili, wapo kasuku ambao mkasi usiwaguse.

Wa kwanza ni kinda ambaye bado hajajifunza kuruka. Wiki za kwanza za kuruka ndizo zinazomfundisha kupima umbali, kugeuka na kutua. Aliyekatwa kabla ya hapo hukua mzembe wa mwili na mwoga, na hasara hiyo hairudi yote hata manyoya yakiota.

Wa pili ni ndege mgonjwa, mnene kupita kiasi, au mzee mwenye miguu dhaifu. Wa tatu ni yule ambaye tayari anajinyonyoa. Wa nne ni anayeishi katika banda moja na kasuku wengine wanaoruka, kwa maana watamwonea naye hana pa kukimbilia.

Kutengeneza nyumba kabla ya kukata ndege

Katika mfano wetu, ndege hakuvunja mlango. Mlango uliachwa wazi. Mara nyingi tatizo linalotafutiwa dawa kwenye bawa liko kwenye mlango, kwenye dirisha au kwenye saa za kufungua kizimba. Haya yafuatayo hayahitaji pesa nyingi.

Dirisha liwekewe wavu wa waya. Neti ya mbu peke yake haitoshi, kwa sababu mdomo wa kasuku huipasua kwa dakika chache. Mlangoni paweza kutundikwa pazia zito, ili anayeingia apite kwanza kwenye pazia kabla ya kumfikia ndege. Watoto wapewe kanuni moja rahisi: kizimba kikiwa wazi, mlango umefungwa.

Vioo vipakwe chokaa au vibandikwe karatasi kwa wiki chache, mpaka ndege ajue kwamba pale hapapitiki. Feni izimwe kabla ya kumtoa. Asitolewe kabisa wakati wa kupika. Hapa kuna hatari nyingine ambayo haina uhusiano na mabawa: moshi. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kudhurika. Jiko la makaa katika chumba kisicho na hewa humuua kabla mtu hajaanza kuumwa na kichwa. Kikaango cha kisasa kisichoshika chakula, kikiachwa motoni mpaka kikaungua, hutoa hewa isiyo na harufu kali ambayo humwangusha kasuku katika dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Kizimba nacho kiangaliwe. Kasuku wa kijivu akikunjua mabawa hufikia karibu nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Kizimba ambacho hawezi kujinyoosha ndani yake ni kifungo. Atolewe kila siku kwa saa maalumu, katika chumba kilichofungwa, na mtu mzima akiwepo.

Kisha afundishwe. Kasuku anayeweza kukariri hodi anaweza kujifunza kuja akiitwa. Mfunzaji husimama hatua moja mbali, hunyoosha mkono, hutamka neno lilelile kila siku, kwa mfano "njoo", na ndege akija hupewa kitu kidogo anachokipenda ambacho hakipati wakati mwingine wowote. Umbali huongezwa polepole kwa wiki kadhaa. Somo fupi la dakika tano mara mbili kwa siku linazidi somo refu la saa nzima. Asiadhibiwe wala asifokewe. Ndege huyu siku akitua juu ya mwembe ana sababu ya kushuka, na mwenye nyumba ana neno la kumwita.

Kwa wakati huohuo chakula chake kirekebishwe. Mboga za majani, karoti, boga, papai na mahindi mabichi viwe sehemu kubwa kuliko alizeti. Asipewe kabisa parachichi, yaani avokado, kwa sababu ni sumu kwa ndege. Vilevile asipewe chokoleti, kahawa wala pombe, hata kwa mzaha wa wageni.

Ikiwa ni lazima mabawa yapunguzwe

Baada ya yote hayo, huenda bado ikabaki sababu ya kweli. Labda familia inahamia kwa muda kwenye nyumba isiyowezekana kuwekewa wavu. Labda ndege anajigonga kila siku na daktari ameona apumzishwe. Hapo mambo haya yazingatiwe.

Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au aielekeze yeye. Mkasi wa cherehani na mkono wa mtu mwenye hofu havifai. Kwanza kila unyoya utazamwe kwenye mwanga, na ulio mchanga, wenye damu, uachwe pamoja na jirani yake anayeukinga.

Mabawa yote mawili yapunguzwe sawasawa, na yawe machache. Ni afadhali kuanza na manyoya mawili au matatu ya nje kila upande, kisha ndege ajaribiwe juu ya godoro au zulia. Lengo ni ashuke kwa utaratibu hadi chini, asipande juu. Akishuka kama jiwe, amekatwa kupita kiasi, na unyoya haurudi upesi. Inabidi kungoja uote.

Anayemshika atumie taulo, na asibane kidari. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama mtu. Hupumua kwa kusogeza kidari chake, na aliyebanwa hapo huweza kufa mikononi mwa watu wakidhani ametulia.

Damu ikitoka, mahali panapovuja pabanwe kwa kitambaa safi, na unga laini wa wanga waweza kupakwa kwenye ncha ya unyoya kusaidia damu igande. Damu isipokoma upesi, ndege apelekwe kwa daktari bila kungoja asubuhi.

Baada ya hapo kizimba kishushwe, vipandio viwekwe karibu karibu, na sakafuni patandikwe kitu laini. Manyoya yakaguliwe kila mwezi. Na wote nyumbani wakumbuke kwamba ndege aliyepunguzwa manyoya bado hapaswi kutolewa nje bila kizimba.

Sheria inasemaje

Sehemu hii huwafanya wengine wainamishe vichwa, lakini ni afadhali isemwe waziwazi.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na udhibiti wa magonjwa yao, ni kazi ya serikali za kaunti. Ulinzi wa wanyamapori umebaki kwa serikali ya kitaifa, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kasuku anagusa pande zote mbili. Afya yake inamhusu daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Uhalali wa kumfuga unaihusu KWS.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyamapori bila kibali, na adhabu zake ni nzito. Kasuku wa kijivu yuko katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hapa nchini amebaki kwa idadi ndogo sana, katika Msitu wa Kakamega. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotegwa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, kufuatia uamuzi uliofikiwa Johannesburg mwaka 2016. Kasuku wengine wa porini wa Kenya pia wanalindwa: yule wa kichwa cha kahawia anayepatikana Pwani, yule wa tumbo la rangi ya chungwa wa nchi kavu, na yule wa paji jekundu wa misitu ya milimani.

Kasuku anayeuzwa kando ya barabara ndani ya katoni huwa ametolewa kwenye tundu la mti, na mara nyingi wenzake wamekufa njiani. Anayemnunua kwa huruma analipia safari ya katoni nyingine.

Aliye na kasuku bila kibali asifanye mambo matatu. Asimfiche. Asimuuze. Na asifungue kizimba akamwachilia huru akidhani ametenda wema. Ndege aliyelelewa ndani hawezi kujilisha porini, na anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake. Njia iliyo sahihi ni kwenda katika ofisi ya KWS iliyo karibu, kueleza ukweli na kuomba mwongozo.

Na hapa mkasi unarudi tena. Kasuku mwenye mabawa kamili, maafisa wakiamua apelekwe kwenye kituo cha kuwazoesha ndege maisha ya porini, ana nafasi ya kuanza mara moja. Aliyekatwa atasubiri mpaka manyoya yote yaote, huenda mwaka mzima. Kwa hiyo ambaye hajui hatima ya ndege wake ana sababu moja zaidi ya kuuweka mkasi chini.

Kuna pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Anayemkata ndege mpaka kumjeruhi hawezi kujitetea kwamba ni mali yake.

Neno fupi kuhusu afya ya watu

Kasuku anaweza kuambukiza binadamu homa inayotokana na bakteria walio kwenye kinyesi na vumbi la manyoya. Dalili zake ni homa, kuumwa na kichwa na kikohozi kikavu, na hutibika kwa dawa za viuavijasumu zikianzwa mapema. Mtu mwenye dalili hizo amweleze mhudumu wa afya kwamba nyumbani kuna kasuku, kwa maana bila kuambiwa huenda asifikirie ugonjwa huo. Kizimba kisafishwe kikiwa kimeloweshwa maji, kisifagiliwe kikavu.

Kurudi kwa bibi na mkasi

Je, bibi wa mfano wetu aamue vipi?

Ndege wake ana zaidi ya miaka ishirini. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 hadi 60, kwa hiyo huenda akaishi kuliko bibi mwenyewe. Ametoroka mara moja, kupitia mlango ulioachwa wazi. Alirudi kwa papai, maana yake anamjua anayemlisha. Nyumba ina watoto wakubwa wa kutosha kufundishwa kanuni ya mlango. Dirisha la sebule ni moja. Wavu wa dirisha moja na pazia la mlango ni gharama ndogo kuliko safari mbili za kwenda kutibiwa kidari kilichopasuka. Kwa hesabu hiyo, mkasi urudi kwenye cherehani.

Lililo gumu kwake ni lile la karatasi. Bibi anahofia kwamba akienda kwa KWS atanyang'anywa ndege, na pamoja naye ile sauti inayopiga hodi jioni. Hofu hiyo haiwezi kuondolewa kwa maneno ya kikao, na uamuzi si wa kaunti. Lakini wakati wa kulipima jambo hilo ni sasa, akiwa na nguvu za kueleza mwenyewe jinsi ndege alivyofika nyumbani na jinsi alivyotunzwa. Akingoja, wajukuu watarithi kizimba pamoja na kosa, na hakuna atakayekumbuka la kusema. Mwanawe aliyeushika mkono wake asubuhi ile ana wajibu wa kumsindikiza ofisini, asimwachie aende peke yake.

Kwa ufupi

Kabla ya kukata, mwenye ndege ajiulize: Ndege huyu yuko hapa kihalali? Ameshajifunza kuruka? Ni mzima? Mlango, dirisha na jiko vimeshashughulikiwa? Amefundishwa kuja akiitwa? Daktari amemwona? Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, mkasi bado haujafikiwa.

Wakazi wanaofuga ndege wa aina yoyote wanakaribishwa katika ofisi ya huduma za mifugo ya kaunti ndogo yao, siku na saa za kazi, kwa ushauri. Mwenye ndege aliyejeruhiwa asione haya kumleta kwa kuwa ni mdogo. Wanaojua mahali ambapo kasuku wa porini wanauzwa watoe taarifa kwa KWS au kwa chifu wa eneo lao.